Beji, Jina na Darasa: Uanzishaji wa Mkutano wa Mashabiki Unaowafundisha Watunzi Kuitumia Intaneti

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uanzishaji wa mkutano wa mashabiki ambao, pamoja na kuburudisha, una shabaha ya kuwafundisha watunzi namna ya kuitumia intaneti. Mfano unaochunguzwa ni VidCon, mkutano ulioanzishwa mjini Los Angeles, Marekani, mwaka 2010 na ndugu wawili, Hank Green na John Green. Hoja kuu ya makala ni kwamba uamuzi mzito kuliko yote anaoufanya mwanzilishi wa mkutano wa aina hii hauhusu ukumbi wala wageni mashuhuri. Ni uamuzi wa kilugha, yaani majina ya makundi yanayoandikwa kwenye beji, kwa kuwa majina hayo ndiyo yanayoamua nani ana haki ya kujifunza. Sehemu ya mwisho inapima maneno ya Kiswahili yanayoweza kubeba dhana hizi na kupendekeza njia ambayo sarufi ya Kiswahili yenyewe inaielekeza.

1.0 Utangulizi

Mtu anayetunga hadithi, wimbo, somo au mzaha na kuupeleka kwa watu kwa njia ya intaneti hufanya kazi akiwa peke yake. Yeye ndiye mwandishi, mpiga picha, mhariri, mtangazaji na mhasibu. Mwandishi wa kitabu ana mchapishaji, na mwimbaji wa bendi ana wenzake jukwaani, lakini mtunzi wa mtandaoni mara nyingi ana chumba, kamera na hadhira asiyoiona. Swali linalozuka ni hili: mtu huyu hujifunza wapi kazi yake?

Mojawapo ya majibu yaliyopatikana katika karne hii ni mkutano wa mashabiki. Katika makala haya, mkutano wa mashabiki una maana ya kusanyiko la siku kadhaa linalowaleta pamoja wapenzi wa sanaa fulani na wanaoitunga sanaa hiyo. Mtunzi ni mtu yeyote anayetoa kazi zake mtandaoni kwa utaratibu wa kudumu. Shabiki ni anayezifuatilia kazi hizo kwa mapenzi, si kwa kupita njia tu.

Msomaji wa jarida hili ana haki ya kuuliza mkutano wa California unaihusu vipi taaluma ya Kiswahili. Unaihusu kwa mambo mawili. Kwanza, kiini cha mkutano huo, kama tutakavyoonyesha, ni suala la uteuzi wa majina, na uteuzi wa majina ni uwanja wetu wanaisimu. Pili, wanafunzi wetu wengi leo ni watunzi wa mtandaoni kwa lugha ya Kiswahili, na siku watakapotaka kukusanyika ili wafundishane, watahitaji maneno. Maneno hayo ama tutayachagua kwa kutafakari, ama yatachaguliwa kwa haraka na mtengenezaji wa beji.

2.0 Mikutano ya mashabiki kabla ya intaneti

Mkutano wa mashabiki haukuzaliwa na intaneti. Mwaka 1939 wapenzi wa hadithi za kubuni za kisayansi walikutana mjini New York katika mkutano wa kwanza wa dunia wa fani hiyo, ambao hadi leo unajulikana kwa jina la Worldcon. Mkutano huo unakumbukwa kwa mambo mawili yanayopingana. La kwanza ni kwamba uliwakutanisha waandishi, wahariri na wasomaji katika chumba kimoja. La pili ni kwamba mlangoni walizuiwa mashabiki sita, akiwemo Frederik Pohl ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi na mhariri mashuhuri, kwa sababu ya ugomvi kati ya vikundi vya mashabiki wenyewe. Hivyo swali la nani aingie na nani abaki nje lilizaliwa siku ile ile ulipozaliwa mkutano.

Mikutano ya Worldcon iliyofuata ilijenga desturi inayostahili kuzingatiwa. Kwa desturi hiyo, anayelipa ada hahesabiwi kuwa mnunuzi wa tiketi. Yeye ni mwanachama wa mkutano wa mwaka ule, na kwa uanachama huo ana haki ya kupiga kura katika tuzo ya Hugo, ambayo ilianza kutolewa mwaka 1953. Fedha inayolipwa huenda ni ile ile, lakini jina limebadilika, na pamoja na jina imebadilika haki.

Mfano wa pili unatoka Japani. Mwezi Desemba 1975 ulifanyika mjini Tokyo mkutano wa kwanza wa Comiket, ambapo vikundi 32 vya watunzi wa hadithi za picha waliojichapishia kazi zao vilikutana na watu wapatao 700. Mkutano huo ulikua hadi kufikia mahudhurio ya zaidi ya nusu milioni kwa siku tatu. Waanzilishi wake walishikilia kanuni moja ya lugha: katika Comiket hakuna wateja wala wageni. Anayeuza ni mshiriki, anayenunua ni mshiriki, na anayepanga meza na kuongoza foleni kwa kujitolea naye ni mshiriki. Kanuni hii si pambo la maneno. Mteja aliyechoka kwa kungoja foleni hulalamika, ilhali mshiriki anajua kwamba foleni ile ni yake pia. Aidha, mnunuzi wa mwaka huu hahitaji kuvuka mpaka wowote wa jina ili awe muuzaji mwaka ujao.

Kwa hiyo, kabla hatujaufikia mkutano wa watunzi wa intaneti, tayari tuna mitindo miwili ya kumwita anayehudhuria: mwanachama na mshiriki. VidCon ilileta mtindo wa tatu.

3.0 Kuzaliwa kwa VidCon

Mtandao wa YouTube ulianzishwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata ukanunuliwa na Google kwa dola bilioni 1.65. Tarehe 1 Januari 2007, Hank Green na kaka yake John, ambaye tayari alikuwa mwandishi wa riwaya za vijana, walianza jaribio. Kwa mwaka mzima wasingeandikiana neno lolote. Badala yake wangetumiana video kwa zamu kila siku ya kazi, mbele ya macho ya yeyote atakaye kutazama. Kwa miezi ya mwanzo watazamaji walikuwa wachache. Mwezi Julai 2007, Hank aliimba wimbo wa kuingoja riwaya ya mwisho ya Harry Potter, YouTube ikauweka kwenye ukurasa wake wa mbele, na hadhira ikafurika.

Hapa kuna jambo dogo lenye uzito kwa mwanaisimu. Mashabiki wa ndugu hawa hujiita Nerdfighters, na jina hilo lilitokana na kosa la kusoma. John aliona mashine ya mchezo katika uwanja wa ndege iliyoandikwa Aero Fighters, naye akaisoma Nerd Fighters, yaani wapiganaji wenye bidii ya vitabu na mambo ya kitaalamu. Watazamaji waliupenda mzaha huo wakaufanya utambulisho wao. Sharti la kuingia katika kundi hilo lilikuwa moja tu: kutaka. Anayetaka kuwa mmoja wao, tayari ni mmoja wao. Jina la namna hii, ambalo watu wamejipa wenyewe na ambalo halina mlinzi mlangoni, linatofautiana sana na jina ambalo mtu hupewa na mwandaaji.

Mwezi Julai 2010 ndugu hawa waliitisha VidCon ya kwanza katika hoteli moja ya Los Angeles. Walikuja watu zaidi ya 1,400. Mwaka 2012 mkutano ulihamia katika ukumbi mkubwa wa mikutano wa Anaheim, na waliohudhuria walizidi 7,000. Mwaka 2017 ulipelekwa pia Amsterdam na Melbourne, na mwaka 2018 ukanunuliwa na kampuni ya Viacom. Mikutano ya miaka ya 2020 na 2021 ya Anaheim haikufanyika kwa sababu ya janga la UVIKO-19, kisha mkutano ukarejea mwaka 2022.

Takwimu hizi zinaonyesha ukuaji, ila hazionyeshi badiliko lililotokea ndani. Tangu mwanzo mkutano ulikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa mashabiki waliokuja kuwaona watunzi wao, na upande wa pili wa wenye biashara waliokuja kujadili matangazo, takwimu na mikataba. Baada ya miaka kadhaa ulibainika upungufu. Kulikuwa na watu wengi wasiokaa sawasawa upande wowote, nao ni vijana wenye chaneli ndogo, ambao walikuwa mashabiki kwa mapenzi na watunzi kwa vitendo. Kwao, mahojiano ya jukwaani yalikuwa mepesi mno na mikutano ya biashara ilikuwa ghali mno. Ndipo ikaongezwa njia ya tatu, ya watunzi, yenye warsha na majopo yake. Tiketi ya mashabiki ikawa ya bei ya chini, ya watunzi ya kati, na ya biashara ya juu kabisa. Mwenye beji ya juu aliweza kuingia vyumba vya walio chini yake, lakini wa chini hakuweza kupanda.

4.0 Kinachofundishwa, na sababu ya kufundishwa ana kwa ana

Kabla ya kuupima mgawanyo huo, inafaa tuone ni elimu gani iliyokuwa ikitolewa katika vyumba vya watunzi. Mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba kinachofundishwa ni matumizi ya kamera. Kwa hakika kamera ni sehemu ndogo. Mafunzo ya mtunzi wa mtandaoni yanaweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni ufundi: sauti safi, mwanga, uhariri, na namna ya kuanza video ili mtazamaji asiondoke katika nukta za mwanzo. Fungu la pili ni uelewa wa mfumo, yaani jinsi mtandao unavyoamua video ipi imfikie nani, na jinsi kichwa cha video na picha yake ya mbele vinavyoathiri uamuzi huo. Fungu la tatu ni riziki na sheria: mikataba, hakimiliki, matangazo ya biashara, na michango ya moja kwa moja kutoka kwa hadhira. Fungu la nne, ambalo husahaulika, ni hifadhi ya nafsi ya mtunzi: uchovu, matusi, na mipaka kati ya maisha yake na macho ya watu.

Kwa nini mambo haya yasiandikwe kitabuni yakaisha? Sababu ya kwanza ni kwamba mafungu ya pili na ya tatu hubadilika upesi. Mwaka 2007 YouTube ilianza kuwagawia watunzi wachache iliowateua sehemu ya mapato ya matangazo, na baadaye ikaupanua mpango huo. Mwaka 2018 iliweka sharti la kuwa na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, na mwaka 2023 ikafungua ngazi ya chini zaidi kwa baadhi ya njia za kipato. Kitabu kilichochapwa kati ya miaka hiyo kingezeeka kabla hakijauzwa. Mkutano wa kila mwaka hujirekebisha wenyewe.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Katika fungu la riziki, ujinga wa mtunzi ni faida ya mtu mwingine. Mtunzi aliye peke yake hajui wenzake hulipwa kiasi gani kwa tangazo moja, hivyo hukubali chochote anachotajiwa. Maarifa ya namna hii hayaandikwi popote, bali husemwa kwa sauti ya chini na mtu mmoja kumwambia mwenziwe, baada ya kuaminiana. Hank Green alilielewa jambo hili. Mwaka 2016 alianzisha chama cha watunzi wa intaneti kilichoitwa Internet Creators Guild, kwa shabaha ya kuwapa watunzi maarifa ya mikataba na sauti ya pamoja. Chama hicho kilifungwa mwaka 2019, ilhali mkutano uliendelea. Tofauti hiyo inatufunza kwamba watunzi hawawi wepesi kulipia ada ya chama kinachowahudumia kwa mbali, lakini husafiri masafa marefu ili wakae chumba kimoja na wenzao. Anayetaka kuwafundisha hana budi kuanzia pale wanapotaka kwenda.

5.0 Beji inapogombewa

Sasa turudi kwenye majina. Juu ya ngazi tatu zilizotajwa, VidCon ilikuwa na kundi jingine dogo, la watunzi waalikwa mashuhuri, ambao beji yao iliwapa ulinzi na njia za kupita mbali na msongamano. Utaratibu huo ulikuwa na sababu za haki. Mkutano ulipokua, mtunzi mwenye mamilioni ya wafuasi hakuweza kukatiza ukumbi bila ya kuzingirwa. Mwezi Juni 2016 mwimbaji Christina Grimmie, aliyepata umaarufu wake YouTube, aliuawa mjini Orlando alipokuwa akisalimiana na mashabiki baada ya onyesho, wiki mbili tu kabla ya VidCon ya mwaka huo. Ulinzi mkutanoni uliimarishwa. Hakuna mwandaaji mwenye busara atakayesema kwamba mipaka haihitajiki.

Hata hivyo, jina linalolinda watu wachache huwa pia kipimo cha heshima, na hapo huzuka ugomvi. Tana Mongeau, mtunzi mwenye wafuasi wengi, alilalamika kwamba VidCon haikumpa beji hiyo. Akatangaza mkutano wake mwenyewe, TanaCon, ufanyike jirani na Anaheim katika siku zile zile za Juni 2018. Katika tangazo lake, mkutano huo ungekuwa wa watu wote. Maelfu ya vijana walikwenda. Hoteli iliyochaguliwa haikuweza kuwabeba, wengi walisimama nje juani kwa saa nyingi, na mkutano ukavunjwa siku ya kwanza.

Mfano mwingine wa kushindwa ni DashCon ya mwaka 2014, huko Schaumburg, jimbo la Illinois. Mkutano huo uliandaliwa na mashabiki wenyewe. Usiku wa kwanza waandaaji walipanda jukwaani wakawaomba waliohudhuria wachange dola 17,000 papo hapo, wakisema kwamba hoteli inadai. Fedha ilichangwa, lakini imani ilikwisha, na baadhi ya wageni walioalikwa waliondoka bila ya kupanda jukwaani.

Mifano hii miwili husimuliwa kwa kawaida kama vichekesho. Sisi tunaisoma kama ushahidi. DashCon inaonyesha kwamba mapenzi ya mashabiki hayawezi kuziba pengo la mahesabu. TanaCon inaonyesha jambo la ndani zaidi: malalamiko dhidi ya beji yalikuwa na nguvu ya kuwavuta maelfu ya watu, ila kuifuta beji peke yake hakukujenga ukumbi wala mpango. Ubaya wa majina ya kutenga hauondolewi kwa kutokuwa na majina kabisa. Huondolewa kwa kuwa na majina bora.

6.0 Mtihani wa Kiswahili

Tuseme sasa kwamba mkutano kama huu unaandaliwa kwa Kiswahili. Tutawaitaje watu?

Neno shabiki ndilo la kwanza kuja ulimini. Hata hivyo, nomino dhahania yake, ushabiki, imebeba kivuli kibaya. Tunapomwambia mtu aache ushabiki, tunamtaka aache kushikilia upande bila ya kufikiri. Neno mpenzi, ambalo wasikilizaji wa redio zetu wamelizoea kwa miaka mingi katika salamu ya wapenzi wasikilizaji, lina upole, lakini haliwezi kusimama peke yake kwenye beji bila ya kuzua vicheko. Mkereketwa lina harufu ya siasa. Inaelekea shabiki litabaki, kwa kuwa watumiaji wameshaliamua.

Kwa upande wa anayetoa kazi, watu husema mtengeneza maudhui, mzalishaji wa maudhui, au muundaji wa maudhui. Maneno haya yana kasoro moja ya pamoja: yanaifanya kazi kuwa bidhaa ya kujaza chombo. Mzalishaji hasa ni neno la kiwandani. Kiswahili kina kitenzi kutunga, yaani kupanga vitu vidogo kwa ustadi mpaka viwe kimoja. Shanga hutungwa, samaki hutungwa, mashairi hutungwa. Anayeunganisha picha, sauti na maneno katika video anatunga kwa maana ile ile ya asili. Ndiyo maana makala haya yametumia neno mtunzi.

Neno hadhira lina fundisho lake. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuwapo mahali. Hadhira ni waliohudhuria, waliopo mbele ya msemaji. Tunapoliita kundi la watazamaji wa mtandaoni hadhira, tunatumia neno la waliopo kuwataja wasiokuwapo. Mkutano wa mashabiki huirudishia hadhira maana yake: kwa siku tatu, wale waliokuwa tarakimu chini ya video huwa nyuso.

Kusanyiko lenyewe nalo lina majina mawili yanayoshindana. Tamasha ni kitu cha kutazamwa, ambapo wako wanaoonyesha na wako wanaoangalia. Mkutano na kongamano ni nomino zilizotokana na vitenzi vyenye kiambishi cha kutendana, kukutana na kukongamana. Katika maneno haya hakuna mtendaji na mtendwa: wote wanakutana. Mwandaaji anayeita shughuli yake tamasha amekwisha kuamua, pengine bila ya kujua, kwamba wengi watakaa na wachache watasimama.

Mwandishi wa makala haya amelipia fundisho hili. Katika warsha moja ya uandishi aliyoiandaa, beji ziliandikwa Mtoa Mada na Msikilizaji. Siku nzima wasikilizaji walisikiliza. Jioni, katika ujia, mwanafunzi mmoja alieleza kwa haya kwamba alikuwa akitoa video za vitendawili na kwamba watoa mada wawili walikosea kuhusu jambo alilolifanya kila wiki. Alipoulizwa kwa nini hakusema ukumbini, aliishika beji yake akacheka. Jina lilikuwa limemtuliza kabla hajafungua kinywa.

7.0 Mapendekezo kwa mwanzilishi

Kutokana na uchambuzi huu, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, beji itaje tendo badala ya mtu. Sarufi ya Kiswahili inaturahisishia jambo hili. Nomino ya ngeli ya kwanza, kama vile mtunzi au msikilizaji, humtaja mtu kana kwamba hali hiyo ni ya kudumu. Kitenzi kina kiambishi cha njeo, hivyo kinasema habari za wakati fulani tu. Beji iliyoandikwa Ninajifunza asubuhi inaweza kugeuzwa upande wa pili mchana ikasomeka Ninafundisha. Mwenye chaneli ya watu mia mbili anaweza kujua jambo la sauti au la mwanga ambalo mwenye milioni mbili hulijui.

Pili, vyumba vitengwe kwa kazi, si kwa tabaka. Warsha ya mikataba haiwezi kufanyika penye kelele za kupiga picha na wapendwa, na hilo halina ubishi. Lakini mlango wa warsha uwe wazi kwa yeyote aliye tayari kufanya kazi ya warsha. Ulinzi wa walio hatarini ni jambo la njia za kupita na walinzi, wala hauna haja ya kugeuzwa cheo.

Tatu, mahesabu yawekwe wazi mapema. Idadi ya watu iamuliwe na ukubwa wa ukumbi, na ukumbi ulipwe kabla ya kuutangaza umma. VidCon ilianza na watu 1,400 hotelini, na ilihama ilipozidiwa. Haikuanza kwa kuahidi bahari.

Nne, fungu la riziki lifundishwe na watunzi wenyewe, na wadhamini wasiwemo chumbani. Mdhamini anafaa sana kulipia maikrofoni. Hafai kuwapo pale watunzi wanapoambiana yeye hulipa kiasi gani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba mkutano wa mashabiki unaofundisha watunzi ni darasa, na kwamba mlango wa darasa hilo ni neno. Worldcon ilichagua mwanachama, Comiket ikachagua mshiriki, VidCon ikachagua ngazi tatu. Chaguo la VidCon lilizaa elimu nyingi na lilikidhi haja ya kweli, kwani liliwapa watunzi wadogo chumba chao. Wakati huo huo liliweka bei na ukuta kati ya shabiki na chumba hicho. Ajabu ni kwamba waanzilishi wake wenyewe walipata hadhira kwa wimbo ulioimbwa na shabiki, kuhusu kitabu cha mwandishi mwingine, kwa ajili ya mashabiki wenzake. Laiti angepewa beji siku ile, ingesomeka shabiki.

Kila mtunzi alianza kwa kupenda kazi ya mtu mwingine. Anayeanzisha mkutano kwa Kiswahili ana bahati ya lugha ambayo ndani ya neno mkutano imeshaweka kutendana. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba beji hazikanushi kile ambacho jina la shughuli limekwisha kukiahidi.